Mwendo wa Mashine, Mwendo wa Mgonjwa

Mwaka 1999 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya jaribio dogo ambalo lilistahili kusomwa na watu wengi zaidi. Walichukua wagonjwa wenye maradhi makali ya mapafu, wakawapima kwa njia mbili. Kwa njia ya kwanza mgonjwa alitembea dakika 6 kwenye korido ya hospitali, akienda na kurudi. Kwa njia ya pili alitembea dakika 6 juu ya tredimili, ile mashine ya mkanda unaokimbia chini ya miguu, akiwa na ruhusa ya kuongeza au kupunguza kasi apendavyo. Kwa wastani, umbali wa juu ya mkanda ulipungua kwa asilimia 14. Hilo peke yake halishangazi sana. Kinachoshangaza ni jinsi wagonjwa walivyotofautiana: waliofikisha kama mita 366 kwenye korido, juu ya mkanda waliishia popote kati ya mita 122 na mita 396. Mapafu ni yaleyale, dakika ni zilezile, lakini mmoja alipoteza theluthi mbili ya safari yake na mwenzake akaongeza.

Daktari aandike namba ipi kwenye faili? Swali hilo si la karatasi tu. Kwa namba kama hizo watu wamepewa dawa au wamenyimwa, wamepangwa kwenye foleni ya kupandikizwa mapafu, wameambiwa wako tayari kupasuliwa au hawako tayari. Na ili kuelewa kwa nini mkanda na korido havisemi kitu kimoja, inabidi kurudi nyuma karibu karne mbili, hadi gerezani.

William Cubitt alikuwa mhandisi wa Uingereza, mtoto wa msaga nafaka, mtu aliyekwisha kujipatia jina kwa kubuni matanga ya kinu cha upepo yanayojirekebisha yenyewe. Karibu na mwaka 1818 gurudumu lake jipya lilifungwa kwenye gereza la Bury St Edmunds. Lilikuwa pipa refu la mbao na chuma lililolazwa, lenye ngazi zilizopangwa kuzunguka mgongo wake wote. Wafungwa walisimama juu yake wamepangana bega kwa bega, wameshika upau wa mbele yao, na kila walipokanyaga ngazi moja gurudumu liliizamisha chini na kuleta nyingine. Walipanda mlima usio na kilele. Mahali pengine gurudumu lilisaga nafaka au kuvuta maji. Pengine halikufanya lolote, lilizunguka tu kwa sababu wafungwa walitakiwa kuchoka. Mwendo haukuwa wao. Aliyechelewesha mguu ngazi ilimpiga muundi.

Magereza mengi ya Uingereza yaliiga, na mashine hiyo iliendelea kutesa watu hadi sheria ya mwaka 1898 ilipoiondoa. Mwandishi Oscar Wilde aliikanyaga mwaka 1895 katika gereza la Pentonville. Lakini aliyeigeuza kuwa chombo cha elimu alikuwa daktari mmoja wa miaka ya 1850, Edward Smith, aliyefanya kazi katika hospitali ya Brompton jijini London, hospitali iliyojengwa kwa ajili ya wagonjwa wa kifua kikuu. Smith alitaka kujua adhabu ile inaufanya nini mwili. Akaingia gereza la Coldbath Fields na barakoa yake na kifaa chake cha kupimia hewa, akapanda gurudumu mwenyewe, akahesabu pumzi zake na mapigo ya moyo wake, na kupima kabonidioksaidi aliyoitoa.

Aliyoyakuta yalimtia uchungu, na maandishi yake hayaufichi. Kazi ya gurudumu ilizidisha mara kadhaa hewa inayoingia na kutoka mapafuni kuliko mtu akiwa amekaa. Zaidi ya hapo, haikuwa sawa kwa kila mtu wala kwa kila gereza. Mnene alibeba mwili wake mzito ngazi kwa ngazi, mwenye kifua kibovu alibeba kifua chake, na gurudumu la mji huu lilizunguka tofauti na la mji ule. Hakimu alitamka kifungo kimoja, lakini miili ilitumikia vifungo tofauti. Kwa maoni yangu kipimo cha kisasa cha utimamu wa mwili kilizaliwa hapo, katika swali la mtu aliyeona dhuluma: mashine inapopanga mwendo, inampima nani kwa haki?

Mkanda wenyewe ulikuja baadaye. Mwaka 1889 Nathan Zuntz, mwanafiziolojia wa Chuo cha Kilimo cha Berlin, alijenga mashine ya mkanda kwa ajili ya farasi. Alitaka kupima hewa wanayoitumia wakitembea na kuvuta mzigo, na vifaa vyake havikuweza kumfuata mnyama barabarani. Basi akaileta barabara kwenye vifaa. Huo ndio uzuri wa mkanda hadi leo: anayetembea habanduki mahali pake, kwa hiyo unaweza kumfunga mirija, nyaya na barakoa, ukainua mkanda awe kama anapanda kilima, na ukajua kwa hakika kasi yake ni ngapi.

Hata hivyo hatua kubwa kuliko zote katika kupima utimamu wa mwili haikuhitaji mkanda. Mwanzoni mwa miaka ya 1920, mjini Manchester, A. V. Hill, aliyepata Tuzo ya Nobel ya mwaka 1922, alikimbia kwenye nyasi akizunguka duara. Mgongoni alibeba mfuko wa Douglas, mfuko mkubwa wa kukusanyia pumzi, na mdomoni alikuwa na vali iliyoelekeza hewa aliyoitoa ndani ya mfuko huo. Mfuko ulipojaa, hewa ilipimwa. Hill na mwenzake Hartley Lupton waliona kwamba kadiri mkimbiaji anavyoongeza kasi, mwili unachukua oksijeni zaidi, hadi unafika mahali ambapo kasi inaweza kuongezeka lakini oksijeni haiongezeki tena. Kwake Hill dari hiyo ilizidi kidogo lita 4 kwa dakika. Karatasi yao ya mwaka 1923 ndiyo iliyotupa wazo la upeo wa matumizi ya oksijeni, ambao bado ni kipimo kikuu cha uwezo wa moyo, mapafu na misuli kwa pamoja.

Kuanzia hapo mashine ilitawala. Maabara ya Uchovu ya Harvard, iliyofunguliwa mwaka 1927 na kufungwa baada ya miaka 20, ilipandisha juu ya mkanda wanafunzi, askari na mabingwa wa marathoni kama Clarence DeMar. Wakati huohuo madaktari wa moyo walikuwa wakitafuta njia ya kuuchokoza moyo mgonjwa wakiwa macho juu yake. Arthur Master wa New York alitumia ngazi mbili fupi za mbao tangu mwaka 1929, akiwa na jedwali lililosema mtu wa umri fulani na uzito fulani apande na kushuka mara ngapi. Ilikuwa rahisi na haikuhitaji umeme, lakini mzigo wake kwa wengine ulikuwa mdogo mno na kwa wengine mkubwa mno.

Aliyetatua tatizo hilo alikuwa Robert Bruce wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle. Utaratibu aliouchapisha mwaka 1963 unatumika hadi leo hospitalini, na madaktari wengi wa moyo wanaujua kwa moyo. Mgonjwa anaanza polepole, kilomita 2.7 kwa saa, mkanda ukiwa umeinuka kwa asilimia 10. Kila baada ya dakika 3 mkanda unaongeza kasi na mwinuko kwa pamoja: kilomita 4 kwa saa na asilimia 12, kisha 5.5 na asilimia 14, na kuendelea. Kifuani kuna nyaya za kupima umeme wa moyo, mkononi kuna kitambaa cha presha. Mgonjwa anatembea mpaka anashindwa, au mpaka daktari anaona kwenye mchoro dalili inayomtaka asimamishe.

Sina neno la kuudharau utaratibu huo. Umegundua mishipa ya moyo iliyoziba kwa watu waliokuwa wakijisikia wazima. Vipimo vya mazoezi vimefanyika kwa usalama pia: uchunguzi wa mwaka 1971 uliokusanya vipimo 170,000 kutoka vituo 73 ulikuta kifo 1 hivi kwa kila vipimo 10,000. Kwa mtu anayetaka kujua dari ya mwili wake, au daktari anayetaka kuona moyo ukiwa katika dhiki huku akiwa na vifaa vya kuuokoa karibu, sijaona kilichoushinda.

Tatizo linaanza pale mkanda unapopewa kazi isiyo yake. Mtu ambaye hajawahi kuupanda anaogopa. Anaitazama miguu yake, anafupisha hatua, anajiinamia, na juu ya yote anashika vyuma vya pembeni. Akishavishika, sehemu ya uzito wake inabebwa na mikono, na mwili unatumia oksijeni kidogo kuliko hesabu ya mashine inavyodhani. Mashine inaandika kwamba amepanda kilima cha asilimia 14, kumbe nusu ya kilima amekipanda kwa viganja. Kwa hiyo mkanda unaweza kumdanganya daktari kwa pande mbili: mwoga anaonekana dhaifu kuliko alivyo, na anayening'inia anaonekana hodari kuliko alivyo.

Waliorudi chini kwanza hawakuwa madaktari wa wagonjwa. Bruno Balke, mwanafiziolojia aliyezaliwa Ujerumani na kufanya kazi Marekani, alikuwa tayari na utaratibu wake wa tredimili, lakini mwaka 1963 akapendekeza pia kukimbia dakika 15 uwanjani na kupima umbali. Kenneth Cooper, daktari wa jeshi la anga la Marekani, akapunguza dakika hizo kuwa 12. Mwaka 1968 alionyesha kwa wanajeshi 115 kwamba umbali ambao mtu anakimbia kwa dakika 12 unakwenda sambamba sana na upeo wa oksijeni uliopimwa juu ya mkanda. Ukiwa na kiwanja, saa na filimbi, ungeweza kupima kikosi kizima kwa asubuhi moja.

Vijana wa jeshi walikimbia. Mzee wa Edinburgh mwenye mkamba sugu hakuweza kukimbia, na mkanda wa maabara ulimshinda dakika za mwanzo tu. Mwaka 1976 madaktari watatu wa mji huo, McGavin, Gupta na McHardy, waliandika katika jarida la madaktari wa Uingereza juu ya kipimo cha kutembea dakika 12 kwenye korido. Maelekezo yalikuwa mepesi: tembea uwezavyo, ukichoka simama, ukipata nafuu endelea. Katika matokeo yao mna jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha habari yote hii. Kipimo cha kupuliza, kile kinachohesabu hewa mtu anayoitoa katika sekunde ya kwanza, kilikuwa hakitabiri umbali. Wagonjwa wawili wenye mapafu yaliyoharibika kwa kiasi kilekile waliweza kutofautiana kabisa koridoni. Korido ilikuwa ikipima kitu ambacho mashine ya mapafu haikukiona: jinsi mtu anavyoigawa pumzi yake kidogo kidogo ili afike.

Dakika 12 zilikuwa nyingi kwa wagonjwa na kwa wauguzi. Mwaka 1982 Butland na wenzake walilinganisha dakika 2, 6 na 12, wakakuta kwamba zote zinawapanga wagonjwa karibu kwa mpangilio uleule. Wakaona 6 zinatosha, na 6 zikabaki. Miaka 3 baadaye Gordon Guyatt na wenzake wa Chuo Kikuu cha McMaster nchini Kanada walizipeleka dakika hizo 6 kwa wagonjwa ambao moyo wao umedhoofika. Ikaonekana kwamba njia hii inafaa kwa yeyote ambaye ugonjwa wake unamkata pumzi, uwe wa kifua au wa moyo.

Guyatt ndiye pia aliyegundua udhaifu mkubwa wa korido. Mwaka 1984 alionyesha kwamba mgonjwa anayetiwa moyo njiani anatembea mbali zaidi kwa mita 30 hivi kuliko yule ambaye msimamizi amenyamaza kimya. Hakuna dawa wala mazoezi hapo, ni maneno matupu! Hapo ikajulikana kwamba kama korido itaheshimiwa, basi hata ulimi wa muuguzi lazima uwekewe utaratibu.

Na umewekewa. Mwongozo uliotolewa mwaka 2002 na chama cha Marekani cha madaktari wa mapafu una maelezo ya kina ambayo mtu anaweza kuyaona ya kuchosha, lakini kila moja lina sababu yake. Korido iwe tambarare, iliyonyooka, isiyopitwa na watu wengi, na iwe na urefu wa mita 30, na alama kila baada ya mita 3. Kila mwisho kuwe na koni ya kuzunguka. Kiwepo kiti kinachobebeka, kifaa cha kupima presha, saa, na namna ya kuhesabu mizunguko. Kila dakika inapotimia, msimamizi anasema maneno yaleyale kwa sauti ileile, kwetu ingekuwa kitu kama, "Mama, unaendelea vizuri, zimebaki dakika 5." Asiongeze neno wala asishangilie. Mgonjwa akichoka anaruhusiwa kuegemea ukuta, lakini saa haisimami. Na msimamizi haruhusiwi kutembea ubavuni mwa mgonjwa.

Katazo hilo la mwisho ndilo ninalolipenda kuliko yote. Sote tunajua jinsi mtu anavyojirekebisha bila kujua anapotembea na mwenzake. Akitembea na mwenye haraka anaharakisha, akitembea na mzee anapunguza. Muuguzi akiwa ubavuni, mwendo unakuwa wa muuguzi. Mwongozo unamwambia asimame pembeni ili mwendo ubaki kuwa wa mgonjwa peke yake. Kutoka gurudumu la Cubitt, ambamo mfungwa hakuwa na hata hatua moja ya kwake, mpaka korido ambamo muuguzi anakatazwa kumsogelea mgonjwa asije akamwibia hatua zake, hapo ndipo palipobadilika hasa.

Mwongozo huohuo ulisema wazi kwamba kipimo cha dakika 6 kisifanyiwe juu ya tredimili, na ushahidi wake ulikuwa lile jaribio la mwaka 1999. Waholanzi walikuwa wamekwisha kuona dalili hiyo mwaka 1990, walipolinganisha korido na mkanda kwa wagonjwa wenye ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa na kukuta korido inatoa umbali mrefu zaidi. Hata pale mgonjwa anaporuhusiwa kubadili kasi ya mkanda, lazima kwanza aamue, kisha abonyeze au aombe, kisha mashine iitikie. Koridoni hayo yote yanafanywa na miguu yenyewe kabla hajafikiri. Akihisi kifua kinabana anapunguza nusu hatua, kikilegea anairudisha. Mkanda humruhusu kuchagua kasi. Korido humruhusu kuibadilisha kila pumzi.

Wakati ubishi huu ukiendelea, mita za koridoni zilikuwa zimeanza kuamua mambo makubwa. Mwaka 1993 utafiti wa wagonjwa wa moyo ulionyesha kwamba katika miezi 8 hivi ya kufuatiliwa, waliokuwa wametembea chini ya mita 300 walifariki asilimia 10, na waliofikisha mita 450 na zaidi walifariki asilimia 3. Mwaka 1996 yakatoka matokeo ya dawa iitwayo epoprostenol kwa wagonjwa wenye presha kubwa ndani ya mishipa ya mapafu, ugonjwa ambao wakati huo ulikuwa kama hukumu. Wagonjwa walikuwa 81. Baada ya wiki 12, waliopata dawa walikuwa wametoka mita 315 hadi 362 katika dakika 6. Wenzao waliobaki na matibabu ya kawaida walishuka kutoka 270 hadi 204. Wagonjwa 8 walikufa katika muda huo, na wote 8 walikuwa wa kundi lisilopata dawa. Dawa nyingine za ugonjwa huo zilizofuata nazo zilipimwa kwa mita za koridoni.

Hapo ndipo makosa madogo yanapokuwa hatari. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2003 ulikuta kwamba wagonjwa wanaotembea kwenye njia ya duara au ya yai wanakwenda mbali zaidi kwa karibu mita 28 kuliko wanaotembea njia iliyonyooka, kwa kuwa hawapotezi muda kugeuka. Mgonjwa akirudia kipimo mara ya pili anaongeza mita 26 hivi, kwa sababu ameshakijua. Kumtia moyo kunaongeza mita 30. Na mwongozo wa mwaka 2014, uliotolewa kwa pamoja na madaktari wa Ulaya na Marekani, unasema mabadiliko yenye maana kwa mgonjwa wa mapafu ni mita 30 hivi. Ziweke namba hizo pamoja. Umbo la njia, mazoea, au ulimi wa muuguzi, kila kimoja peke yake kinaweza kutoa mita zinazokaribia zile tunazoziita nafuu. Ndiyo maana mwongozo huo unataka mgonjwa apimwe mara mbili, na umbali mkubwa ndio uandikwe.

Mjini Leicester, Uingereza, watu walikuwa wamejaribu kupatanisha korido na mashine. Mwaka 1992 Sally Singh, Mike Morgan na wenzao waliweka koni mbili zilizotengana mita 9, ili kwenda na kuzunguka kufikie mita 10, na badala ya mkanda wakatumia kaseti. Kaseti inalia mlio, na mgonjwa anatakiwa awe amefika kwenye koni ya pili kabla ya mlio unaofuata. Kila dakika milio inakaribiana zaidi, mpaka ashindwe kuiwahi. Wazo hilo walilitoa kwa Luc Léger wa Montreal, aliyekuwa amebuni mbio za namna hiyo za mita 20 kwa wanamichezo. Sakafu ni ileile ya hospitali, lakini mwendo unapangwa na sauti. Maneno ya kutia moyo hayana nafasi kubwa hapo, na mgonjwa anasukumwa taratibu kuelekea dari yake kama juu ya mkanda, ila hakuna vyuma vya kuning'inia.

Wazee wasio wagonjwa nao walihitaji kipimo chao, maana mtu mwenye miaka 75 aliye mzima anaweza kutembea dakika 6 bila taabu na usijue chochote. Utafiti uitwao Health ABC, uliowakusanya kuanzia mwaka 1997 watu 3,075 wa miaka 70 hadi 79 katika miji ya Pittsburgh na Memphis, uligeuza hesabu: badala ya kuweka muda na kupima umbali, uliweka umbali wa mita 400 na kupima muda. Mzee anakwenda na kurudi mara 10 katika korido ya mita 20, kwa kasi ya juu anayoweza kuihimili. Mwaka 2006 ilionekana kwamba kila dakika ya ziada ilikwenda na ongezeko la asilimia 29 katika hatari ya kufa. Mwaka huohuo watafiti wa Baltimore waliwapima wazee kwa mita 400 na pia kwa mkanda wenye barakoa ya kupima oksijeni, na muda wa koridoni ukakadiria upeo wa oksijeni vizuri kiasi cha kutumika pale ambapo mkanda haupo.

Kwa hiyo vipimo hivi viwili vina ujamaa, ila si pacha. Mtu mzima anayesukumwa kwa kasi yake ya juu, korido na mkanda vitamsema karibu sawa, kama alivyoonyesha Cooper kwa wanajeshi na Baltimore kwa wazee. Kadiri ugonjwa unavyozidi na hofu inavyoingia, ndivyo vinavyoachana. Wanaoiita korido kuwa ni tredimili ya maskini wanakosea, na kubadilisha namba za mkanda kuwa za korido kwa fomula ni jambo ambalo mtawanyiko wa mwaka 1999 ulikwisha kulikataa.

Hapa kwetu habari hii ina mwendelezo wake Kampala. Wagonjwa wengi wa Afrika Mashariki wanaokosa pumzi si wavutaji sigara wa miaka mingi kama wale wazee wa Edinburgh. Ni watu waliougua kifua kikuu, wakameza dawa mpaka mwisho, wakaambiwa wamepona, wakabaki na mapafu yenye makovu. Watafiti wa Taasisi ya Mapafu ya Chuo Kikuu cha Makerere, hospitalini Mulago, wakishirikiana na wenzao wa Uingereza, waliwafanyia watu wa aina hiyo programu ya mazoezi na mafunzo ya wiki 6, wakachapisha matokeo mwaka 2017. Walianza watu 34, wastani wa umri wao miaka 45. Kipimo kilikuwa zile koni mbili za Leicester. Mwanzoni walifikisha wastani wa mita 299, mwishoni mwa programu mita 377, na wiki 6 baada ya programu kwisha walikuwa bado kwenye 374. Kwa wagonjwa wa mapafu wa Uingereza, ongezeko la mita 48 katika kipimo hicho lilihesabiwa wakati huo kuwa nafuu ambayo mgonjwa mwenyewe anaihisi.

Sally Singh mwenyewe baadaye aliongoza mradi ulioipeleka kazi hii Uganda, India, Kyrgyzstan na Sri Lanka. Kipimo chake kilifaa kwa sababu kinataka mita 10 tu za sakafu, na zahanati yenye varanda fupi ina mita 10. Hata hivyo faili ya mgonjwa aliyemaliza dawa za kifua kikuu bado inafungwa kwa majibu ya makohozi. Safu moja ya mita ikiongezwa hapo, pamoja na urefu wa varanda aliyopimiwa, mgonjwa akirudi mwaka unaofuata akilalamika pumzi, muuguzi atakuwa na namba ya kulinganisha.